Siku Sufuria Ilipoingia Kwenye Ukoo Wetu

Habari hii sijawahi kuisimulia mwenyewe mpaka mwisho, kwa sababu kila nikianza hutokea mtu wa hapa mtaani kwetu Mandewa anayeimalizia kwa niaba yangu, na huimalizia vibaya, akiongeza mambo ambayo hayakutokea (sikulia, na wala sikujificha chooni, nilikwenda chooni kwa haja ya kawaida, nikakawia kidogo). Kwa hiyo nimeona niiandike kwa utaratibu, hatua kwa hatua, maana aibu ni yangu na kama ni lazima isemwe, basi angalau isemwe kwa usahihi.

Nianze na kompyuta. Miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa na kufungwa, la kwetu lilikuwa mojawapo ya yaliyofungwa, nami nikarudi nyumbani nikiwa na miaka kumi na tisa ya ukarani wa masjala kichwani na mahali pa kuitumia sina. Haukupita muda, mradi mmoja wa wafadhili nao ukafunga ofisi yake pale mjini, ukagawa vitu, mmoja akapata meza, mwingine feni, mimi nikapata kompyuta ambayo hakuna mtu aliyeitaka, kwa sababu ukiiwasha haikuleta picha yoyote ya kubonyeza, ilileta kioo cheusi na kialama kimoja kinachopepesa, kikikusubiri uandike amri. Pamoja nayo nilipewa kitabu kinene cha Kiingereza, kurasa za mwanzo na za mwisho zimechanika. Nilikisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kila siku, nikiandika kwenye daftari nilichoelewa kwa kalamu ya bluu na nisichoelewa kwa kalamu nyekundu (daftari la kwanza lilikuwa jekundu tupu).

Mtu wa masjala hawezi kukaa bila mafaili. Nikaanza kuandika ukoo wetu. Kila nyumba ya ukoo ikawa na faili lake: nani kamzaa nani, nani kaoa wapi, nani kaolewa wapi, nani alihamia Manyoni asirudi. Nilizunguka kwa baiskeli kuwahoji wazee, nikirudi nyumbani naandika. Nilipomaliza nilikuwa na mafaili thelathini na sita, na nilikuwa ninaweza kuiuliza kompyuta jina lolote, nayo ikanitajia jina hilo limo kwenye mafaili yapi. Watu walikuja kuona. Niliuliza majina yao, mashine ikajibu, wakatikisa vichwa, nami nikajiona nimerudi kazini.

Sasa kuna desturi ambayo lazima niieleze. Kwetu binti akiposwa, kabla hata neno la ndoa halijajibiwa, pande mbili hukaa na kutajiana majina: baba, babu, baba wa babu na kuendelea, upande wa kuumeni na upande wa kukeni, kuona kama damu imewahi kukutana mahali. Ikionekana imekutana, hakuna mjadala, wageni wanapewa maji ya kunywa na kusindikizwa. Katika familia yetu kazi hiyo ni ya dada yetu mkubwa, dada Zaituni, ambaye hajui kusoma lakini ana majina ya ukoo mzima kichwani pamoja na tabia za kila mmoja. Tatizo lake ni moja, hawezi kutaja jina bila kutaja tabia. Ukimuuliza babu fulani alizaa nani, utaambiwa kwanza kuhusu ubahili wake, kisha kuhusu jicho lake la kushoto, na chai inapoa.

Basi Neema, binti wa kaka yangu Paulo, akaposwa na mwalimu mmoja kijana wa Kinampanda aitwaye Elisha. Neema mimi ndiye baba yake mdogo, na nilimpenda kama wanangu, tena pengine zaidi kidogo, kwa sababu ndiye pekee katika ukoo aliyekubali kunisomea majina wakati mimi nachapa. Siku ya wageni kuja ilipopangwa, nikamwambia kaka, "Safari hii tusichoshe watu. Majina waulizwe wageni, mashine itajibu. Robo saa tumemaliza."

Kaka Paulo akasema, "Na dada?"

"Dada atakunywa chai ya moto, kwa mara ya kwanza."

Dada Zaituni aliposikia alisema kwa Kinyaturu neno moja ambalo sitalitafsiri, kisha akasema kwa Kiswahili, "Sawa, mwacheni karani na televisheni yake."

Uamuzi huo peke yake haukuwa na ubaya. Amri yangu ya kutafuta ilikuwa inafanya kazi miezi mingi bila kosa. Uamuzi ulioniangamiza ulikuwa mdogo zaidi, na niliufanya asubuhi ileile ya siku yenyewe, nikiwa nimeshavaa shati jeupe. Niliwaza: amri yenyewe ni ndefu. Inaanza na neno grep, ambalo ndilo la kutafuta, halafu vialama vitatu vya kuiambia ijibu namna gani, halafu jina linalotafutwa, halafu mahali yalipo mafaili. Nikikosea herufi moja mbele ya wageni, je? Mikono yangu hutetemeka nikitazamwa (hata ofisini bosi akisimama nyuma yangu nilikuwa ninapiga muhuri juu chini). Kitabu kilikuwa na sura inayofundisha namna ya kuipa amri ndefu jina la mkato, wao wanaliita alias, ili uandike neno moja tu na kompyuta ikuandikie mengine. Nikasema, ndiyo hii. Nikatengeneza jina la mkato, nikaliita tafuta. Pale katikati, mahali pa jina linalotafutwa, nikaweka alama ya dola ikifuatiwa na namba 1, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba alama hiyo ndiyo inayopokea neno utakaloliandika. Na kwa kuwa sura nyingine ilisema kabla ya kuijaribu alama hiyo unaweza kuiwekea neno kwanza kwa amri ya set, nami nafuata maelekezo, nikaiwekea neno: Njiku, yaani babu wa babu yetu, ambaye najua yumo kwenye mafaili manne.

Nikajaribu. Nikaandika tafuta Njiku. Yakatoka mafaili manne, yaleyale. Nikajaribu tena, yakatoka manne. Mimi si mtu wa kujaribu mara moja na kushangilia. Nilijaribu mara kumi na moja, kila mara nikiweka alama ya vema kwenye daftari, kila mara Njiku, kila mara manne. Nikafunga daftari, nikaenda kunyoa ndevu, kompyuta nikaiacha inawaka.

Saa tano wageni wakafika kwa pikapu. Walikuwa saba, wakiongozwa na mshenga wao, bwana mmoja anaitwa Lazaro, fundi mstaafu wa reli kutoka Itigi, rafiki wa baba yake Elisha, mtu mnene mwenye sauti ya kusikika stesheni mbili mbele. Elisha mwenyewe alibaki nje karibu na gari, kama inavyotakiwa. Shikamoo zikapita kwa mpangilio wake, wakakaa sebuleni, wanawake wetu wakabaki kwenye mlango wa uani, isipokuwa dada Zaituni aliyekaa mkekani ndani, na Neema chumba cha pili, ambako (nilikuja kujua baadaye) alikuwa ameegemeza sikio mlangoni tangu gari lilipozimwa.

Bwana Lazaro akasimama. "Wazee wangu, sisi tuna mwalimu. Alikuwa mwalimu mzuri. Tangu amwone binti wa nyumba hii, anasahihisha madaftari bila kuyasoma, darasa zima limepata mia. Tumekuja kuokoa elimu ya Kinampanda."

Watu wakacheka, mambo yakaanza vizuri. Kaka Paulo akajibu kwa heshima, akasema kabla ya neno lolote kuna kuulizana majina, na kwamba safari hii kazi hiyo itafanywa na mdogo wake kwa njia ya kisasa. Wote wakageuka kunitazama. Kompyuta nilikuwa nimeiweka juu ya meza kona ya sebule, nimeifunika kitambaa cha kufumwa. Nikakiondoa kitambaa polepole, na nakiri kwamba nilikiondoa polepole makusudi.

"Nitajieni jina la babu mzaa baba wa kijana," nikasema.

"Msengi," akasema Lazaro.

Nikaandika tafuta Msengi. Nikabonyeza. Yakatoka mafaili manne.

Sikutegemea jibu. Wageni wale ni Wanyiramba, sisi Wanyaturu, nilitegemea kioo kikae kitupu, niseme "hayumo", tuendelee. Lakini Msengi yupo, tena kwenye mafaili manne ya nyumba zetu, la kwanza likiwa la Njiku mwenyewe.

"Vipi?" akauliza kaka.

"Yumo," nikasema.

"Yumo wapi?"

"Kwetu."

Kaka Paulo akaniambia nifungue faili, nisome panapoandikwa. Hilo lilikuwa ombi la mtu mwenye akili. Nikafungua faili la Njiku, lina mistari mia kadhaa, nikaanza kuteremka nalo, jua la dirishani likipiga kwenye kioo, na watu wawili wakipumua shingoni kwangu, sikuona Msengi. Sasa hapa ndipo miaka kumi na tisa ya masjala iliponiponza. Kazini tulifundishwa kwamba rejista ikisema faili lipo, na wewe hulioni rafuni, basi kasoro iko kwenye macho yako, rudi ukatazame tena. Rejista haibishiwi. Nami nikawaambia watu wazima, baba za watu, "Mistari ni mingi. Mashine huona kabla ya macho. Tuendelee na jina la pili, tutarudi."

"Bibi mzaa baba," akasema Lazaro, sauti sasa imeshuka stesheni moja. "Nyamizi."

Tafuta Nyamizi. Manne.

"Babu mzaa mama. Kitundu."

Manne.

Akataja na jina la dada yake huyo Kitundu.

Manne, na ni mafaili yaleyale, kwa mpangilio uleule. Mtu mwingine angeshtuka kuona watu wanne tofauti wanajibiwa jibu moja. Mimi nilipata utulivu fulani wa kitaalamu. Niliwageukia nikasema, na maneno haya bado nayasikia nikiwa nimelala, "Ushahidi unakubaliana wenyewe kwa wenyewe."

Kuanzia hapo mambo hayakuwa mikononi mwangu tena. Kaka Paulo alitoka kwenda uani, akasema wasiendelee kupika. Chumba cha pili kikasikika kishindo, halafu mlango wa nyuma, Neema ametoka. Wanawake wakamfuata. Jirani aliyekuwa ukutani (Mandewa kila ukuta una jirani) akauliza kuna nini, akaambiwa, na kabla ya nusu saa habari ilikuwa imefika kwa wanakwaya waliokuwa wakifanya mazoezi kanisani, kwamba Neema na mwalimu wake ni ndugu wa damu kwa pande nne na kompyuta imethibitisha. Mmoja wa akina mama waliokuja na wageni alianza kukunja vitenge walivyokuwa wameleta, akivirudisha kwenye begi kimoja kimoja. Kupitia dirishani nilimwona Elisha kule kwenye pikapu, hajui afanye nini na mikono yake, anafuta kioo cha gari ambacho kilikuwa safi.

Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika mjini, lakini Kinampanda hapakuwa na mtu wa kumpigia. Dada tulikuwa tumeshamweka kando, hivyo hapakuwa na wa kuuliza ila mimi, na mimi nilikuwa nimeshajibu.

Neema akarudi. Akasimama mlangoni mwa sebule, mbele ya wageni, jambo ambalo si desturi, macho mekundu. Hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi.

"Baba mdogo, hayo majina nimekusomea mimi mwenyewe. Msengi sikumsoma."

"Mwanangu, mtu husahau."

"Sikumsoma."

"Mashine haisahau, Neema."

Nilimwambia hivyo. Binti aliyekaa na mimi jioni ngapi akinisomea majina, yuko karibu kupoteza mchumba, anasema ukweli mtupu, nami nikachagua kuamini kioo. Hiki ndicho kipande cha habari hii ambacho watu wa Mandewa hawakisimulii, wao wanacheka sufuria, na ningeweza kukiacha.

Aliyetuokoa alikuwa bwana Lazaro, na hakukusudia kuokoa mtu, alikuwa amekasirika tu. Akainuka. "Ndugu karani, hebu iulize na mimi. Andika Lazaro."

Nikaandika. Manne.

"Aha," akasema. "Baba yangu kazikwa Itigi. Mama yangu Mgogo wa Manyoni. Hatujaoa kwenu, hatujaolewa kwenu, hata nyumba hii nimeingia leo mara ya kwanza. Nimekuwaje ndugu yenu?"

Mtu yeyote angesimama hapo. Mimi nilifikiri kwa makini, nikajibu, "Inawezekana. Reli ilichanganya watu sana."

Dada Zaituni alikuwa amekaa mkekani tangu mwanzo, chai yake ya moto mkononi. Akaweka kikombe chini.

"Andika sufuria," akasema.

"Dada, hili ni jambo zito."

"Ndiyo, andika sufuria. Ile kubwa, ya misiba."

Nikaandika tafuta sufuria, nia yangu ikiwa kumwonyesha kwamba mashine inajua kutofautisha. Nikabonyeza.

Manne.

Dada hajui kusoma, lakini kuhesabu mistari minne anajua. "Sufuria nayo ni mtoto wa Njiku?" akauliza. "Mbona hamkuniambia? Nimeiweka juu ya moto miaka yote hii, ndugu yangu!"

"Andika pikapu!" mtu akasema kutoka nyuma. Manne. "Andika pilipili!" Manne. Hapo sebule ikapasuka. Bwana Lazaro alicheka mpaka akashika ukuta, akanyoosha mkono kwa dada Zaituni, "Shemeji, samahani, dada yangu, kumbe sisi ni ndugu, mimi, wewe na pilipili!" Yule mama wa vitenge aliacha kukunja. Mtoto wa jirani akachungulia dirishani akauliza kama paka wao naye yumo. Kaka Paulo peke yake hakucheka, alikuja akasimama karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini sana, "Tengeneza. Sasa hivi. Wote wanaona."

Basi nikaitafuta kasoro mbele ya watu wapatao ishirini, na kila nilichoandika kilikuwa kinasomwa kwa sauti na jamaa mmoja wa Kinampanda aliyejifanya mtangazaji wa mpira. Nilianza upya, kama kitabu kinavyofundisha, kwa kuuliza kila kitu ambacho nilikuwa ninakiamini. Kwanza niliandika amri ndefu ya zamani, kamili, kwa mkono, nikitafuta Msengi. Kioo kikabaki kitupu. Nikaandika Nyamizi. Kitupu. Kitundu. Kitupu. Sufuria, kitupu. Kwa hiyo mafaili ni mazima, mashine ni nzima, kasoro iko kwenye jina la mkato la asubuhi. Nikaiomba kompyuta inionyeshe jina hilo la mkato nililolitengeneza, ikalionyesha, likaonekana zuri tu. Ndipo nikaiuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza kabla sijanyoa ndevu: ile dola na namba 1, wewe unaisoma kuwa ni nini?

Ikajibu kwa neno moja. Njiku.

Kumbe jina la mkato halipokei neno unaloliandika na kuliweka katikati. Linafunua amri yake yote kwanza, halafu neno lako linabandikwa mwishoni, nyuma ya kila kitu. Pale katikati palikuwa na Njiku niliyemweka mwenyewe asubuhi, naye alikuwa bado amekaa palepale. Kwa hiyo hata uandike Msengi, hata uandike pilipili, kompyuta ilikuwa ikimtafuta Njiku, ikimpata, kisha inaichukua pilipili ya mwishoni kuwa ni jina la faili jingine la kuangalia. Na kwa kuwa faili liitwalo pilipili halipo, ilitaka kulalamika, kila mara ilitaka kulalamika, ila kimojawapo cha vile vialama vyangu vitatu kilikuwa cha kuiamuru isinionyeshe malalamiko ya namna hiyo (sipendi kioo kichafu). Mashine ilikuwa inajua tangu Msengi kwamba kuna kitu si sawa. Niliiziba mdomo mimi.

Nikawaeleza. Nilitumia dakika kama tano, kwa utaratibu, nikaona nyuso haziko pamoja nami. Dada Zaituni akanikata.

"Ngoja. Yaani umemtuma mtu kwa Njiku. Ameshashika njia. Mimi nikimkimbilia nyuma nikampa jina la Msengi, yeye analitia mfukoni, anakwenda kwa Njiku vilevile, anarudi anasema nimemkuta."

"Ndiyo, dada."

"Na ukamkataza asikwambie kwamba mfukoni ana jina asilojua la nini."

"Ndiyo."

"Na huyo ndiye uliyemwona bora kuliko mimi."



Nikawaomba wazee waniruhusu nirudie majina yote kwa amri ndefu, iliyo sahihi. Kaka Paulo akasema hapana. Bwana Lazaro naye akasema hapana, akasema hata ikisema hayumo hawataamini, maana mwenye kusema ndugu kwa pilipili anaweza kusema si ndugu kwa kaka yako wa tumbo moja. Wakamgeukia dada. Dada akajitengeneza mkekani, akaomba chai nyingine, akaanza na babu yetu wa kwanza na ubahili wake. Wageni wakajibu kwa majina yao, naye akayapima moja moja, akiuliza huyo alioa wapi, aliishi kilima gani, alikuwa na kilema gani. Ilichukua saa tatu kasoro. Aliposema, "Safi, hakuna tulipokutana," hakuna mtu aliyeomba ushahidi.

Jikoni moto ukawashwa tena. Vitenge vikatoka tena kwenye begi. Elisha akaitwa ndani, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayengoja kufukuzwa mara ya pili, nami, kama adhabu, nikapewa kazi ya kunawisha wageni mikono, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alipokuwa ananawa aliniita ndugu.

Kwa Neema nilikwenda nyuma ya nyumba. Alikuwa anamwagia kuku maji machafu ya vyombo kwa hasira. Nikamwambia, "Ulisema kweli, na mimi sikukusikiliza." Akaendelea kumwaga. Nikasema, "Nilijaribu mara kumi na moja." Akanigeukia. "Mara kumi na moja ulimuuliza Njiku, baba mdogo. Ungeniuliza mimi mara moja." Halafu akanipa ndoo nikajaze. Nikachukua huo kuwa msamaha, au mwanzo wake.

Jina la mkato nimeshalifuta, nikaandika badala yake kijiprogramu kidogo kinachopokea neno mahali panapostahili, na kile kialama cha kuzuia malalamiko nimekiondoa, acha kioo kichafuke. Tena nimejiwekea sharti ambalo nimeliandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari: kabla ya kuiuliza mashine kitu ninachojua kipo, niiulize kwanza kitu ninachojua hakipo, nione kama ina adabu ya kuniambia hakipo. Kila asubuhi naanza na sufuria. Na majina ya uchumba siyagusi tena maishani mwangu, hata nikiombwa na askofu.

Habari za sufuria zilipungua kidogo kidogo, nami nikadhani zimekwisha. Ikafika siku ya ndoa, kanisa limejaa, Kinampanda upande mmoja, sisi upande wa pili, Neema amependeza, Elisha amesimama wima kama anafundisha. Mchungaji akafika pale anapouliza kama kuna mtu yeyote anayejua sababu ya hawa wawili kutounganishwa, aseme sasa. Akanyamaza kungoja. Nikasikia mabenchi yanalia. Pande zote mbili, kwaya, wazee wa kanisa, bwana Lazaro na hata Neema mwenyewe chini ya shela, wote walikuwa wamegeuka kunitazama mimi.

Nikainama kufunga kamba za viatu. Siku hiyo nilikuwa nimevaa viatu visivyo na kamba.